Kwaresima Mbili za Nairobi

Mwaka 1992 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 4 Machi. Siku iliyotangulia, polisi wenye marungu na mabomu ya machozi walivamia kona ya Uhuru Park ambako akina mama kadhaa, wengi wao watu wazima wa kuitwa nyanya, walikuwa wamepiga kambi tangu Ijumaa ya tarehe 28 Februari. Walikuwa wakifunga kula na kudai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Mwanaharakati Wangari Maathai, aliyekuwa pamoja nao, alipigwa hadi akazimia, akakimbizwa hospitalini. Kesho yake wengi wao walirudi wakakuta bustani imezingirwa na askari wenye silaha. Basi wakageukia jengo la mawe lililo jirani, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakamwomba provosti wake, Peter Njenga, awasitiri. Walitafuta mahali pa kujihifadhi kwa muda tu. Wakakaa karibu mwaka mzima. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama sura mojawapo ya vita vya kudai vyama vingi, na ni sawa kukisimulia hivyo. Kinachosahaulika ni kalenda ya kanisa lenyewe. Siku ambayo Kitabu cha Sala kinawaita Waanglikana kuanza siku arobaini za toba na kufunga, walibisha mlangoni watu waliokuwa wameanza kufunga siku tano kabla yao. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba mlango ule haukufunguliwa kwa huruma ya kasisi mmoja peke yake. Ulikuwa umesukumwa kwa miaka mingi, na waliousukuma zaidi walikuwa walei: wasomaji, walimu wa kanisa, ndugu wa uamsho na akina mama, watu ambao wengi wao hawakuwahi kuvaa joho wala kupewa nafasi mimbarani.

Kulipima dai hilo, turudi nyuma miaka sabini, kwenye Kwaresima nyingine ya jiji hilohilo. Mwaka 1922 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 1 Machi. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Machi, serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyekuwa mfanyakazi wa simu serikalini na kiongozi wa East African Association, chama kilichopinga kipande, nyongeza ya kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kushurutishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi za sulubu. Alhamisi ya tarehe 16 maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na Norfolk Hotel. Wajumbe wao walipotoka kuonana na wakubwa wakawasihi watu warudi makwao, mwanamke mmoja aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru, mzaliwa wa Weithaga, Murang'a, alijitokeza mbele, akapandisha vazi lake na kuwaambia wanaume kwamba wampe suruali zao, wao wachukue gauni lake, maana wameshindwa kuwa wanaume. Umati ukasonga, polisi wakafyatua risasi, na Muthoni akawa miongoni mwa walioanguka. Taarifa rasmi ilitaja watu 21 waliokufa. Wengine waliohesabu walitaja idadi kubwa zaidi. Tukumbuke kwamba Weithaga palikuwa na kituo cha misheni ya Kianglikana ya Church Missionary Society (CMS), na kwamba Mary ni jina la ubatizo. Mwanamke mwenye jina la Kikristo aliuawa katikati ya Kwaresima akidai mfungwa aachiliwe, na hakuna mlango wa kanisa unaotajwa katika kisa chake.

Haukutajwa kwa sababu kanisa lenyewe halikujengwa kwa ajili yake. Jiwe la msingi la Watakatifu Wote liliwekwa tarehe 3 Februari 1917 na Gavana Henry Conway Belfield. Michoro ilikuwa ya Temple Moore, msanifu wa Kiingereza aliyebobea katika majengo ya mtindo wa Kigothiki, na ukilitazama leo bado lina sura ya kanisa lililong'olewa Uingereza likapandikizwa chini ya kilima cha Ikulu. Mwaka ule wa 1917 vita vya Wazungu vilikuwa vinapiganwa Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor, walikuwa wanakufa kwa njaa, homa na kuhara katika njia za kuelekea kusini. Sitaji hayo ili kuwahukumu waliochonga mawe yale. Nayataja ili msomaji aone kanisa hili lilikuwa la nani: la gavana, la maofisa na la walowezi, lenye ibada ya Kiingereza na viti ambavyo Mwafrika hakuvidhania kuwa vyake. Jengo liliendelea kwa vipande hadi likakamilika 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa. Kwa hiyo swali la kihistoria ni hili: nyumba ya gavana ya 1917 iligeukaje kuwa nyumba ya mama wa mfungwa mwaka 1992? Hakuna amri ya askofu wala azimio la sinodi linalotosha kulieleza geuko hilo.

Jibu linaanzia magharibi mwa jiji, Kabete. Kituo cha CMS kilikuwa kimeanzishwa huko mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, na Harry Leakey alikifikia mwaka 1902. Mwanawe Louis, mtaalamu wa mabaki ya kale aliyejulikana baadaye ulimwenguni, alizaliwa palepale 1903. Leakey anakumbukwa pia kwa kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu, ambayo Agano Jipya lake lilitoka 1926. Lakini mmisionari mmoja na familia yake hawakuweza kulisha wilaya nzima. Waliokwenda kijiji kwa kijiji, wakafundisha katekisimu chini ya mti, wakasomesha watoto herufi na kuongoza sala ya Jumapili walikuwa vijana wenyeji. Wakikuyu waliwaita athomi, yaani wasomaji, na neno hilo likawa jina la Wakristo wote. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika mawazo ya mwanakijiji wa Kabete wa miaka ya 1910, Mkristo alikuwa mtu anayesoma, na anayesoma anaweza kumsomea jirani. Padri alikuwa mgeni apitaye mara chache kubatiza na kutoa Meza ya Bwana. Kanisa la kila siku, lenye kengele ya chuma cha reli na madawati ya magogo, lilikuwa mikononi mwa mlei kabla hata neno mlei halijatumika. Wakati wa mgogoro wa 1929 juu ya tohara ya wanawake, waumini wengi wa Ukikuyu waliziacha misheni na kuanzisha shule na makanisa yao huru. Tuwe na maoni yoyote kuhusu mgogoro wenyewe, ulithibitisha jambo moja: walei walikuwa wamejifunza kuendesha kanisa, na wamisionari walilijua hilo wakiwa wamechelewa.

Kuna anayeweza kusema kwamba huko kulikuwa kuziba pengo tu. Mapadri walikuwa haba, basi walei wakashikilia kiraka hadi mwenye cheo apatikane. Pingamizi hilo lina sehemu ya ukweli, na muundo wa Kianglikana unaliunga mkono. Msomaji wa ibada hupewa leseni na askofu. Anaweza kuongoza Sala ya Asubuhi na ya Jioni, kusoma masomo na kuhubiri, lakini hawezi kuadhimisha Ushirika Mtakatifu wala kutamka ondoleo la dhambi kama padri. Mzee wa kanisa hutunza mali na hesabu, huhesabu sadaka na kutia sahihi daftari la ibada. Ukiitazama orodha hiyo, ni kweli mlei anaonekana kama msaidizi. Lakini tazama kinachofanyika wakati wa Kwaresima. Kufunga hakuhitaji leseni. Kutubu hakuhitaji joho. Sala ya jioni nyumbani, kumtembelea mgonjwa, kumwekea jirani asiyekuwa nacho kile ulichokinyima kinywa chako, yote haya ni kazi ya aliyebatizwa, si ya aliyewekewa mikono peke yake. Isitoshe, Waanglikana wa Kenya walipokea imani kupitia CMS, jumuiya ya kiinjili isiyopenda sana mapambo ya ibada. Kwao Kwaresima ilikuwa hasa Neno, maombi na kujihoji. Msimu ambao katika makanisa mengine umejaa mavazi ya zambarau na maandamano, kwao ulibaki msimu ambao muumini wa kawaida anaweza kuubeba mwenyewe. Kiraka, kwa hiyo, kiligeuka kuwa kitambaa.

Mwaka 1937 kitambaa hicho kilipata uzi mpya. Wahubiri wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, walifika Kenya, na Kabete ikawa mojawapo ya malango yao. Uamsho huo, uliokuwa umeunganisha daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi, ulikuwa na desturi iliyowashangaza wamisionari wengi: watu walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao kwa majina, wakaombana msamaha, wakaimba wimbo wa Tukutendereza, na katika kikao hicho Mzungu hakuwa na kiti cha juu kuliko mpishi wake. Mwanamke naye alitoa ushuhuda. Mkutano wa kila wiki wa ndugu haukumngoja padri. Padri alipokuja, alikaa kama ndugu mwingine. Obadiah Kariuki, mmoja wa Wakenya wa kwanza kuguswa, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955 kule Namirembe pamoja na Festo Olang', mikononi mwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Walakini nguvu ya uamsho haikuwa katika maaskofu uliowatoa. Ilikuwa katika maelfu ya watu waliozoea, juma baada ya juma, kusema ukweli mbele ya watu bila kutetemeka. Wakati wa Mau Mau wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo, na wengi wao vilevile walikataa kushika bunduki za serikali. Wengine waliuawa kwa msimamo huo. Hakuna sinodi iliyowaamuru. Walifuata dhamiri waliyoinoa katika mikutano yao.

Hapa ndipo msomaji makini atanisimamisha. Je, si ndugu haohao wa uamsho waliosema kwa muda mrefu kwamba siasa ni uchafu wa dunia? Je, si wao waliokaa kimya wakati wengine wakidai ardhi na uhuru? Pingamizi ni la haki, na sitaki kulipamba. Mlokole, yaani ndugu wa uamsho, wa miaka ya 1950 hangekwenda Uhuru Park, na pengine angewaonya akina mama waliokwenda. Lakini hoja yangu haisemi kwamba uamsho ulifundisha siasa. Nasema ulifundisha tabia mbili ambazo siasa ya 1992 isingesimama bila hizo: tabia ya mtu asiye na cheo kusema hadharani yaliyompata, na tabia ya wenye cheo kumsikiliza bila kumuuliza umetumwa na nani. Mtu akijifunza kuzungumza kanisani kuhusu dhambi yake mwenyewe, si rahisi kumzuia asizungumze siku moja kuhusu dhambi aliyotendewa. Mbegu na mti havifanani, lakini mwenye shamba anajua kipi kimetoka kwa kipi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watu wengi wakitaja kanisa na mapambano ya miaka ya 1980 na 1990 hutaja wachungaji: Henry Okullu, aliyekuwa provosti wa Watakatifu Wote kabla ya kuwa askofu wa Maseno South, Alexander Muge wa Eldoret, aliyefariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, David Gitari wa Mount Kenya East, na kwa upande wa Wapresbiteri, Timothy Njoya. Mahubiri yao yalichapishwa magazetini wakati ambapo bunge lilikuwa limenyamazishwa. Bila wao, atasema mpinzani, akina mama wangebisha mlango usio na mwenyewe. Nakubali kwamba sauti ya maaskofu iliwapa watu ujasiri, na kwamba Askofu Mkuu Manasses Kuria hakuwafukuza akina mama pale ambapo kuwafukuza kungempunguzia usumbufu mwingi. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kusema na kukaa. Mahubiri huisha saa tano asubuhi, na askofu hurudi nyumbani. Akina mama walileta kitu ambacho mimbari haikuwahi kukileta, nacho ni mwili. Walilala pale, wakala pale walipokula, wakaugua pale, wakaimba na kusali pale. Kanisa lililokuwa limezoea kutamka haki kwa Kiingereza safi kila Jumapili lililazimika sasa kutafuta blanketi, maji na mahali pa kufulia. Huo ndio utumishi wa parokia katika umbo lake la asili, na walioanzisha walikuwa wageni wasio na daftari la ushirika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tuingie karibu zaidi, maana mahali penyewe panasema. Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway linasimama jumba refu la serikali, Nyayo House. Chini ya ardhi ya jumba hilo palikuwa na vyumba vya giza ambako watu waliotuhumiwa kuwa wapinzani walifungiwa, wakapigwa, wakanyimwa chakula na kusimamishwa siku nyingi katika maji yaliyojazwa sakafuni. Ukivuka barabara kuu na kupanda kidogo, ukiacha bustani mkono wa kushoto, unafika Watakatifu Wote. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Akina mama nao walipewa makao chini, katika chumba kilicho chini ya kanisa. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa ya 1992 barabara moja ilikuwa na vyumba viwili vya chini ya ardhi: kimoja ambako wana walikuwa wamevunjwa ili waseme uongo, na kingine ambako mama zao walikaa wakisema kweli. Tangu siku za kambi ya Uhuru Park watu waliopitia mateso walikuwa wameanza kuja na kueleza hadharani yaliyowapata, jambo ambalo wengi hawakuwa wamethubutu kulifanya kabla. Monica Wangu Wamwere, mama yake mfungwa wa kisiasa Koigi wa Wamwere, na wenzake walidai wafungwa 52. Majina hayo walikuwa wamempelekea Mwanasheria Mkuu Amos Wako kabla ya kuketi bustanini. Uchungu wa mwana aujuaye ni mamaye, na ni uchungu huo, si katiba wala ilani ya chama, uliowaweka pale. Nani alikuwa akimhudumia nani? Parokia iliwapa dari. Wao waliipa parokia mahali ambapo mtu aliyeteswa angeweza kusikilizwa. Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili ndiyo huduma kubwa, sitahangaika kujibu.

Mtu wa ibada atakuja na pingamizi la tatu, na halikwepeki kwa heshima. Siku ile ya Jumanne, polisi walipowavamia, baadhi ya akina mama, akiwemo Ruth Wangari wa Thungu, walivua nguo mbele ya askari. Kwa Wakikuyu, kama kwa jamii nyingine nyingi, mama mzima kujivua mbele ya mwenye umri wa mwanawe ni laana nzito isiyo na dawa rahisi. Ndivyo alivyofanya Muthoni 1922. Je, laana ya jadi inaweza kuitwa sehemu ya Kwaresima ya Kikristo? Aulizaye hivyo afungue Kitabu cha Sala cha 1662. Humo mna ibada iliyopangiwa hasa Jumatano ya Majivu, ambamo padri husoma mbele ya waumini laana zilizotajwa katika Kumbukumbu la Torati, na waumini huitikia amina kwa kila moja. Miongoni mwake imo laana juu ya mtu apotoshaye hukumu ya mgeni, yatima na mjane. Kanisa la Uingereza, basi, lilikuwa na desturi ya kuanza Kwaresima kwa kutangaza kwamba anayemdhulumu mnyonge amelaaniwa. Sisemi ibada hiyo ilisomwa Nairobi mwaka ule, wala sisemi mama aliyejivua alikuwa amesoma rubriki. Nasema tu kwamba mtu anayeona aibu katika kitendo chao na haoni aibu katika kitabu chake mwenyewe hajakisoma kitabu hicho vizuri. Walifanya kwa miili yao kile ambacho liturujia ilikuwa imekifanya kwa maneno kwa karne tatu, na walifanya siku moja kabla ya tarehe yake.

Limebaki pingamizi moja, na ndilo ninaloliheshimu zaidi: kwamba tarehe ni bahati tu. Akina mama hawakupanga kufunga kwa ajili ya Kwaresima, si wote waliokuwa Waanglikana, na walikwenda Watakatifu Wote kwa sababu ndilo kanisa lililo karibu na bustani. Yote hayo ni kweli. Lakini kumbuka jinsi kanisa lenyewe linavyofundisha juu ya kufunga. Sura ya 58 ya Isaya, inayorudiwa kila Kwaresima, inasema wazi kwamba mfungo unaompendeza Mungu ni ule unaofungua vifungo vya uovu, unaowaacha huru walioonewa na kumkaribisha nyumbani maskini asiye na makao. Katika Mathayo 25 wanaokaribishwa ufalmeni ni watu wasiojua hata kidogo kwamba walimtumikia Bwana. Walimtembelea tu mfungwa. Kwa kipimo hicho nia ya kuadhimisha Kwaresima si sharti la kuadhimisha Kwaresima. Anayeshikilia kwamba huduma ni ile tu iliyokusudiwa, ikaandikwa na kupewa leseni, atalazimika kuifuta sehemu kubwa ya Injili. Na kuhusu ukaribu wa jengo: kituo cha polisi cha 1922 nacho hakikuwa mbali na Watakatifu Wote. Ukaribu ulikuwepo mara zote mbili. Kilichotofautiana ni kama mlango ungeweza kufikirika.

Matokeo hayakuwa ya haraka wala kamili. Wafungwa wachache waliachiliwa katikati ya 1992, wengi zaidi mwanzoni mwa 1993, Koigi akiwa miongoni mwao. Katikati ya hapo uchaguzi wa Desemba 1992 ulimrudisha Rais Moi madarakani, na mwenye kupenda hesabu za siasa anaweza kusema chumba cha chini hakikubadilisha Ikulu iliyo juu ya kilima. Lakini kanisa lilibadilika. Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, polisi walipoingia ndani ya Watakatifu Wote na kuwapiga watu waliokuwemo, hakuna aliyeshangaa kwamba wadai katiba walikuwa humo. Tayari palijulikana kuwa mahali pa kukimbilia. Gitari, wakati huo Askofu Mkuu, aliongoza ibada ya kulitakasa kanisa, na taifa zima lilielewa nini kilikuwa kimenajisiwa. Jimbo la Kianglikana la Kenya, lililojulikana kama CPK (Church of the Province of Kenya), lilichukua jina la ACK (Anglican Church of Kenya) mwaka 1998. Ilipofika Septemba 2021, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitumia siku hiyohiyo kuwaambia wanasiasa kwamba mimbari si jukwaa lao. Mwanamke aliingia kwa heshima katika uongozi wa kanisa ambalo mwaka 1992 wanawake walilikimbilia wakikwepa rungu, na mwanasiasa akaonyeshwa kiti miongoni mwa waumini. Mambo mawili yale hayakukutana siku moja bila maana.

Leo, Kwaresima ikifika, ukitoka Watakatifu Wote ukaelekea magharibi kupitia St Mark's, Westlands, hadi Kangemi na Kabete, au ukashika njia ya kwenda St Francis, Karen, utakuta kazi kubwa ya msimu ikifanywa na watu wenye ajira nyingine mchana. Msomaji wa ibada hutoka ofisini akaongoza sala ya jioni. Wanachama wa Mothers' Union hupanga zamu za kutembelea wagonjwa. Kikundi cha nyumbani hukutana katika sebule ya mmoja wao kusoma Injili. Hatari ni kuiona kazi hii kama maandalizi ya Pasaka peke yake, orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya kanisa. Historia ya Kabete na ya chumba kile cha chini inadai zaidi. Inadai mzee wa kanisa ajiulize, anapofunga geti usiku, ni nani aliye nje. Na inadai padri akumbuke kwamba huenda mfungo wa kweli umeanza siku tano kabla ya tangazo lake, bustanini, kwa watu ambao majina yao hayamo daftarini. Kutoka pale alipoanguka Muthoni hadi mlango wa Watakatifu Wote ni mwendo mfupi kwa miguu. Kanisa lilichukua miaka sabini kuutembea, na walioliongoza njiani wengi wao hawakuwa na leseni ya askofu.